Mama, Usimpokee Eliya

Mama,

Eliya wako amekuwa gavana. Ndiyo, yuleyule uliyempa chumba chetu cha nyuma hapa ugenini Troyeville, akipiga gitaa lake la kantri mpaka jirani anagonga ukuta, na wewe unamtetea: "Mumuache, anaimbia Mungu." Tulipokuzika alirudi Kongo, akawa anaimba kwenye mikutano ya siasa, na sasa wamempa jimbo zima. Ile kofia yake pana ya waimbaji wa kantri bado anaivaa.

Mwanzoni nilifurahi. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, nikaita watu. Halafu kaka Safari akanionyesha video kwenye simu.

Anautumia wimbo wako, Mama. Ule wa msibani uliotunga mwenyewe, unaoimbwa sanduku linapofungwa: anayeongoza anaita jina la marehemu, na wote wanamlilia Mungu, "Mpokee!" Eliya ameuongezea ngoma na gitaa, na pale pa jina la marehemu ameweka jina lake. Anashuka kwenye gari, umati unaita "Eliya! Mpokee!", naye anacheka na kupunga mkono. Mtu mzima, jamani! Amekula misibani pamoja nasi, anajua pale ni pa nani.

Jumapili iliyopita alikuwa ziarani huku, akaja kanisani kwetu na walinzi wake. Mchungaji alitaka niongoze wimbo huo, kwa kuwa mimi ni binti yako. "Dada Neema, jina ya Ekselansi utaita na nguvu, sawa, sharp?" Safari, anayetafuta kazi serikalini kule Kongo, alinishika mkono akanisihi nisimharibie. Nilikubali, Mama. Nilisimama pale mbele nikiwa nimekubali. Eliya alikuwa kiti cha kwanza, ananitabasamia kama zamani alipokuwa akingojea bugali yako.

Tulipofika penye jina, nikashindwa. Nikaita, "Furaha!" Jina lako.

Kisha akina mama wa nyuma, wale waliokuosha siku ya kukuzika, wakaitikia, "Mpokee!" Eliya akavua kofia, akaiweka magotini, akainamisha kichwa. Hakuimba tena. Aliondoka kabla ya chakula, hata kuniaga hakuniaga.

Sasa Safari hasemi nami, na mchungaji ananipita kama nguzo ya umeme. Hayo nitayavumilia. Eliya nimemkasirikia, tena sana, lakini zaidi namwogopea, asije akapokelewa kweli. Alikuwa kaka kwangu. Na kule jimboni wanaendelea kumwita kila kukicha, maelfu ya watu, kwa sauti zote.

Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi, nikiwa hai, jina la mtu anayepumua halitatoka kinywani mwangu katika wimbo wako. Nawe nifanyie hili moja. Ukisikia Eliya anaitwa, hata wakiita kwa nguvu namna gani, usimfungulie mlango. Mrudishe, kama ulivyokuwa ukimrudisha akaoge kwanza kabla ya kula.