Uchumi Umepaa

Jumamosi, Novemba 2002

Amekataa kula, eti nimemwaibisha. Mume wangu ni diwani wa chama tawala, na leo katika soko la Kalama alipaza sauti: "Uchumi umepaa!"

Mama Mutua, anayeuza maharagwe, akamwuliza, "Mheshimiwa, na utatua lini huku kwetu?"

Soko zima likacheka. Nami, niliyeketi jukwaani na kanga ya chama, nikacheka hadi machozi. Hata kwa diwani tunakunywa chai bila sukari.

Naogopa atashindwa uchaguzi wa mwezi ujao, na kazi nyingine haijui.

Tulipofika nyumbani akaniuliza polepole, "Lakini wewe utanipigia kura, ama?"

Nilimhurumia. Nikamwambia, "Baba Mwende, kura ni siri."