Mbuzi Arobaini Ambao Hukuwahesabu

Mpendwa Baba,

Tangu asubuhi nimepika chai mara tatu na sijamaliza hata kikombe kimoja. Kitabu chako, kwa tafsiri yangu, kimeingia kwenye orodha ya mwisho ya ile tuzo ya watafsiri wa hadithi za watoto kwa Kiingereza. Nilikutajia ukiwa mgonjwa, ukasema, "Jaribu tu. Hawali mtu." Vimebaki vitabu vitano. Ningepaswa kuwa nacheka hapa Noonkopir mpaka majirani waulize kuna nini. Badala yake naenda dirishani, narudi, nafungua ukurasa ule ule, naufunga.

Unaujua ukurasa huo, maana uliutoa kwenye jioni yetu wenyewe kule nyumbani Kajiado. Nilikuwa darasa la pili. Mbuzi walikuwa wanaingia bomani, nami kwa kujivunia hesabu za shule nikaanza kuwanyooshea kidole: mmoja, wawili, watatu. Ukaushika mkono wangu, ukaushusha. Wewe, mwalimu wa hesabu!

"Wachana na hiyo. Mifugo haihesabiwi, utaita hasara. Angalia tu. Nani hayuko?"

Nilinuna. Kisha nikaangalia, nikamkosa yule mweusi mwenye sikio lililochanika. Tulimkuta amenaswa kwenye miiba ng'ambo ya korongo. Ulinibeba mabegani njia nzima, ukimwambia kila tuliyekutana naye kwamba binti yako ana macho. Sijawahi kusifiwa hivyo tena.

Katika kitabu chako msichana anasimama langoni, anaangalia, anajua. Hakuna namba hata moja.

Mhariri wa toleo la Kiingereza akaniuliza wasomaji wake wadogo watajuaje kuwa mbuzi mmoja amepotea, kama hakuna anayehesabu. Ningeweza kumweleza. Lakini niliogopa atakirudisha kitabu, basi nikaandika kwamba msichana alihesabu mbuzi wao arobaini, akapata thelathini na tisa. Nilijiambia ni sentensi moja tu. Ulikuwa umeshazikwa miezi mitatu kabla, ningekuuliza wapi?

Sasa waamuzi wameisifu sentensi hiyo hiyo. Wanasema hapo anapohesabu ndipo hadithi ilipowashika. Wamenitaka niusome ukurasa huo Ijumaa mchana, kwenye kompyuta, watu wa nchi kadhaa wakisikiliza.

Juma lililopita Mama aliniambia, "Nisomee vile umemwandika." Nikafungua kitabu chako cha Kiswahili, nikakificha nyuma ya kile cha Kiingereza, nikajifanya namtafsiria papo hapo. Akatabasamu.

"Ni yeye kabisa. Haujaharibu kitu."

Nilishindwa kumwangalia usoni. Na Ijumaa anakuja kuketi kando yangu, ameshawaambia wanawake wote wa kanisani. Kiingereza hakijui, lakini namba anazijua zote, za simu na za sokoni.

Basi leo saa nne nimewaandikia waamuzi. Nimewaambia hizo namba ni zangu, si zako, na kwamba kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kuwahesabu mbuzi wa babake. Nimesema nitausoma ukurasa kama ulivyouandika wewe, la sivyo nisisome kabisa. Hawajajibu. Simu ikilia naruka. Mara ya mwisho ilikuwa ni mtu wa maji. Huenda wakaniondoa, na jina lako likaondoka pamoja na langu. Hilo ndilo linalonitoa jasho, kwa sababu ni wewe uliyetamani miaka yote hiyo kusomwa na watoto wasioijua Kajiado.

Mama bado sijamwambia. Nitamwambia kesho, kwa mdomo wangu mwenyewe, hata akininunia.

Tena usije ukanisifu huko uliko ukidhani nimekuwa mtu mwema. Nimeutuma ujumbe huo, na dakika tano baadaye nilikuwa natafuta jinsi ya kuurudisha. Nilitaka kushinda, Baba. Hata sasa nataka.

Lala wewe. Mimi bado natembea nyumba nzima.

Binti yako wa kwanza