Vidole vya Nahodha

Jumatatu, 3 Machi

Orodha ya timu ya mpira wa kikapu imebandikwa mlangoni mwa ukumbi wa michezo. Watano wa kuanza — simo. Nimeisoma mara tatu, kana kwamba jina langu lingejileta lenyewe. Shuleni nilikuwa naanza mimi, ndipo wanatafutwa wengine. Siku moja nilifunga pointi thelathini na moja, mwalimu akanibebea begi. Hapa chuoni nimo benchi, mwisho kabisa, karibu na ndoo ya maji.

Kocha aliniita pembeni. Aliongea kwa upole, ndiyo maana imeniuma zaidi. Alisema mikono ninayo, miguu ninayo, sauti ndiyo sina. Mchezeshaji ndiye anayewapanga wenzake, na wenzangu hawajui nataka nini mpaka mpira uwagonge. Kweli. Leo umemgonga Mnara, yule dada mrefu kuliko wote. Sikioni.

Nikajibu, sawa, Kocha. Hata hiyo hakuisikia.

Jumatano, 5 Machi

Nimepewa kazi. Kwenye timu hii mgeni humfunga vidole yule anayecheza nafasi yake. Plasta nyeupe, ili visiteguke, kila mazoezi, kila mechi. Maana yake mimi namfunga nahodha mwenyewe. Yuko mwaka wa mwisho, wanamwita Sindano kwa sababu pasi zake zinapita kwenye tundu ambalo wengine hatulioni.

Aliketi juu ya sanduku la mipira, akaninyooshea mikono yote miwili kama mtoto anayekatwa kucha. Nikaikaza plasta mno.

“Hicho ni kidole, mdogo wangu, si mzigo wa kuni.”

Aliniuliza jina. Nikamwambia. Akauliza tena. Nikamwambia tena. Akasema basi, nitakuita Kimya mpaka siku utakapolitaja nikalisikia.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amepiga simu. Cherehani inanguruma nyuma yake. Hajawahi kuisimamisha ili aongee, huongea juu yake. Mama ana sauti ya watu wanne. Sijui yangu alimpa nani.

Akauliza kwenye mechi ya jana nilifunga pointi ngapi. Nikasema tumeshinda. Akasema hilo silo swali. Nikasema mbili. Akasema, si haba, mwanangu, hata gauni huanza na mshono mmoja.

Sikumwambia kwamba Kocha aliniingiza dakika nne za mwisho, watu wakiwa wameshaanza kutoka.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Sindano alinigongea mlango wa chumba, akanipeleka uani nyuma ya bweni, kwenye kamba za nguo. Kila mtu alikuwa amefua. Akajifunga kitambaa machoni, akasema atatembea mpaka ukutani katikati ya zile nguo, na mimi nimwongoze kwa mdomo tu. Kushoto, kulia, simama.

Nikasema kushoto. Akaingia moja kwa moja kwenye shuka bichi.

Nikasema tena. Akavaana na gauni la kulalia la mlezi wa bweni, mikono yake ikapotelea humo, akawa anapapasa kama anatafuta mlango. Hapo nikaangua kicheko. Akageuka, gauni kichwani: “Kumbe sauti unayo! Unaitumia kucheka tu.”

Mara ya sita alifika ukutani. Watu walikuwa wameshatoa vichwa madirishani kuona nani anapiga kelele. Nilikuwa mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Nilipomshika gumba la kulia leo, alivuta pumzi kwa meno. Limevimba, limegeuka zambarau. Lilipigwa na mpira jana mazoezini. Akaniambia nizungushe plasta mara mbili zaidi na nisimwambie mtu. Jumamosi ni nusu fainali, huu ni mwaka wake wa mwisho. “Sijawahi kukuomba kitu, Kimya.”

Nikafunga. Kocha akapita, akauliza vidole vya nahodha vikoje. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni vizima.

Sindano anasomea udaktari wa meno. Mwezi ujao ana mtihani wa vitendo. Ni mkono huo huo atakaoshika nao vyombo, kwenye kinywa cha mtu. Nikinyamaza anaweza kuuharibu. Nikisema, nimemsaliti, na nafasi itakayobaki wazi ni ile ninayoitaka mimi. Kila mtu atajua naitaka.

Na ninaitaka. Hapo ndipo panaponichoma.

Jumamosi, 15 Machi

Nusu fainali. Tumeshinda kwa pointi tatu. Ngoja niandike kama ilivyokuwa.

Robo ya tatu, dada mmoja wa upande wa pili aliupiga mkono wa Sindano akinyang'anya mpira. Refa hakuona. Sindano akaubana mkono kifuani, akatazama benchi. Hakumtazama Kocha, alinitazama mimi. Akatikisa kichwa — usithubutu.

Sikumbuki nikisimama. Nakumbuka tu nikisikia mtu anapaza sauti: “Kocha, mtoe nahodha! Gumba lake limeumia tangu Jumatano!”

Ukumbi mzima uligeuka. Mnara anasema alidhani ni mama wa mtu.

Alipotoka alinipita bila kuniangalia. Nikaingia mimi. Dakika kumi na mbili. Niliita kushoto, niliita kulia, nilimwita Mnara mpaka akaniambia anasikia, nipunguze. Sauti ilikuwa imetoka na haikutaka kurudi ndani.

Chumbani tulipokuwa tunabadilisha nguo, mmoja akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, leo tumeona nahodha akipinduliwa. Wakacheka. Sindano alikuwa anabandua plasta mwenyewe kwa meno. Nikapiga hatua nimsaidie. Akasema, acha.

Neno moja tu.

Jumapili, 16 Machi

Mnara ameniletea habari. Mfupa wa gumba una ufa. Wiki sita. Daktari amesema lingepigwa mara moja zaidi, ungeachana kabisa. Mtihani wake utasogezwa mbele.

Nimefurahi, kisha nimelia. Sijui nianze kueleza kipi.

Mama amepiga. Pointi ngapi? Kumi na moja. Akasema mbona unaongea kama umefiwa. Nikamsimulia yote, hata ile sehemu ya kuitaka nafasi. Cherehani haikusikika hata mara moja. Mwishoni akasema mtu usiyempenda utamwacha aingie shimoni taratibu, unayempenda utampigia kelele. Kisha akauliza kama ninakula.

Jumatano, 19 Machi

Orodha ya fainali. Atakayeanza nafasi ya Sindano ni dada wa mwaka wa pili. Mimi nitatokea benchi. Kocha amesema sauti imekuja, sasa nijifunze na kusikiliza. Nimeisoma orodha mara moja tu, nikaenda kunywa maji.

Kinachonisumbua ni kitu kidogo. Yule dada hapendi plasta. Nimekaa na bunda zima mkononi, sina wa kumfunga.

Sindano alipita na mkono wake umetundikwa kwa kitambaa shingoni. Nikamwamkia. Akaitikia. Akaendelea na safari.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika katika chumba cha kubadilishia nguo, mpira unaanza baada ya dakika chache. Mwandiko mbaya, daftari liko gotini na linateleza. Mkono wa kushoto sinao, anao Sindano.

Ameingia bila hodi, akaketi kwenye sanduku la mipira, akasema lete.

Nini?

“Vidole, mdogo wangu. Au unataka nikuandikie barua?”

Nikaanza kuomba radhi. Akanikata. Anasema bado amenikasirikia, akimaliza atanijulisha. Tena yeye alikuwa anangoja kulisikia jina langu, mimi nikaenda kuutangazia ukumbi gumba lake. Anasema hivyo huku plasta iko menoni, kwa hiyo nusu nimeelewa na nusu nimekisia.

Hajawahi kumfunga mtu kwa mkono mmoja, tena wa kushoto. Cha kwanza kimekaa upande. Cha pili hakikunjiki kabisa, kimekuwa kijiti. Mnara anachungulia, anauma midomo asicheke. Kocha amegonga mlango, dakika tatu.

Ameniuliza kama iko sawa. Nimesema iko sawa kabisa, tena kwa sauti.

Sasa anataka na huu wa kalamu