Shimo la Bata Wangu

Jumamosi, 11 Januari 2025
Salongo leo, usafi wa avenue yetu, mtaa mzima. Mimi kiongozi wao, wananiita Chef, koleo begani, sauti juu: malaria imezidi, kila mtu afukie shimo lenye maji parselani, uwanjani kwake! Langu sikuligusa. Lile la nyuma ya nyumba, tulikofyatulia matofali — mvua imelijaza, bata wangu wanaogelea humo. Wazuri mno! Kabla ya ukaguzi niliwafungia, nikafunika shimo kwa mabati. Huguette, mke wangu, aliniona.

Jumanne, 14 Januari
Bénie ana homa kali. Ni mjukuu wa Mama Ngosa, jirani yetu mjane. Ukuta tu unatutenganisha. Jioni watu wakaja kuniuliza: mifereji tumezibua, mbu hawa wanatoka wapi? Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema labda ni migomba ya Mama Ngosa, inashika maji. Kwa nini nilisema vile? Ulimi huu!

Jumatano, 15 Januari
Wameikata migomba. Yote. Mama Ngosa alisimama mlangoni, Bénie mgongoni.
"Kama ni juu ya batoto, mukate tu. Chef anajua."
Chef! Nilitamani ardhi inimeze. Nilipofika nyumbani nikainua bati moja. Viluwiluwi vya mbu vimejaa tele, vinacheza. Nikalirudisha.

Ijumaa, 17 Januari
Mama Ngosa ametuletea mkungu wa ndizi, mbichi bado, eti zisioze bure. Huguette akazipika. Nikaisukuma sahani, naye akaniuliza:
"Papa Donat, ile shimo utaifunga siku gani?"
Kesho, nikamjibu. Halafu nikawaza: bata wataogelea wapi? Bata! Mtoto wa watu yuko hospitalini kwenye serumu, mimi nawaza bata. Naona haya hata kuandika.

Jumamosi, 18 Januari
Salongo tena. Nimesema naumwa. Huguette ametoka na wenzake, hakuniaga.

Mama Ngosa yuko getini. Namwona dirishani. Ametoka kumwangalia Bénie, homa haijashuka. Ana beseni kichwani, mashina ya migomba yake, ameyakatakata.
"Chef! Nakuletea chakula ya bata yako. Nipite ku nyuma?"
Nimekaa na kalamu kama mjinga. Koleo liko pale pale mlangoni.

Anaita tena. Bata wamesikia sauti yake — wao wanamwitikia.