Folda ya Bi Rukia

Jumatano, baada ya isha

Salim hata majina ya folda hakuyabadilisha. Hilo ndilo linaloniuma, au labda ni lile jingine.

Miezi saba nimekuwa nikikusanya draiva, zile programu za kuamsha vifaa, za kila madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, iliyopita dukani kwetu Bombolulu. Nikazipanga kwenye flashi ili mfumo ujiweke wenyewe, na sauti na mtandao viitike bila mtu kugusa kitu. Mashine zenyewe kuukuu, maandishi ya modeli yamefutika, basi kila folda nikaipa jina la mwenye mashine. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu mamangu, Bi Rukia.

Leo nimeitwa kutengeneza waya za mtandao kwenye shule moja huko Junda. Kuingia tu, namuona Salim, mwenzangu wa dukani, anawaonyesha walimu “kazi yake”. Kompyuta zinajiwekea mfumo, majina yangu yanapita kwenye skrini moja baada ya jingine.

Mwalimu mkuu akauliza, “Na huyu Bi Rukia ni nani?”

“Ni marehemu mamangu,” Salim akajibu, na mimi ameshaniona mlangoni.

Nikazishika waya zangu nikaanza kazi kama mtu asiyemjua. Wallahi sijui kwa nini.

Draiva angeniomba ningempa, tena kwa moyo mkunjufu. Lakini mamangu! Tulishuka na Salim kaburini sisi wawili kumlaza. Yeye ndiye aliyemshika kichwani.