Nafasi Yako Mbele ya Ukuta wa Kanisa

Butembo, tarehe 4 mwezi wa saba 1965

Mpendwa Hippolyte,

Nimeanza na neno hilo kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanza barua, basi usilifurahie. Natumaini u mzima huko Léopoldville. Sisi ni wazima. Mama analalamikia magoti kwa baridi ya asubuhi, na mwanangu Kasonia ameota meno mapya ya mbele. Mvua imetuacha kidogo na maharage yanakauka vizuri. Salamu zimekwisha.

Barua yako imefika. Unataka nikusanye filamu zote za kikundi chetu nikutumie, maana wakubwa wa huko wanapanga maonyesho ya picha za Kongo tangu uhuru. Tena unasema mwakani utapata ruhusa, utakuja siku ya uhuru tuendelee na kazi yetu, na nikuwekee nafasi yako. Nimeisoma tena na tena nikitafuta jina la mume wangu Omer. Halimo. Una uso mkavu, mdogo wangu.

Kwa kuwa unaiita kazi yetu, acha nikukumbushe ilivyokuwa. Tuliianza mwaka wa uhuru, jikoni kwangu: mimi na Omer, wewe, Ananie seremala, na Simone muuguzi wa Luofu. Kamera ilikuwa moja, ikizunguka nyumba kwa nyumba, na kila mtu alikuwa na mwezi wake na pahali pake pa kupiga kila mwaka. Simone alipiga mashamba ya kwao, Ananie barabara ya Eringeti, Omer darasa lake, mimi wanawake kisimani. Wewe ulichagua barabara kuu ya soko, kwa sababu unapenda kuonekana.

Na kila siku ya uhuru tulisimama wote mbele ya ukuta wa kanisa, kila mtu mahali pake, kamera juu ya kigoda cha Ananie ikilia kidogo kisha ikijipiga yenyewe. Mwaka ule Simone alipojifungua hakuweza kuja, tukaacha nafasi yake wazi. Tangu hapo ikawa desturi yetu, asiyekuwepo anaachiwa pengo. Tulitaka kuendelea hivyo mpaka watoto waliozaliwa mwaka wa uhuru waoe na kuolewa.

Sheria nyingine ilikuwa yako wewe: picha haichomwi, hata iliyoharibika.

Mwaka jana waasi walipoingia mjini, walitutoa majumbani twende kuwapokea barabarani na matawi. Nani angekataa? Ulikuwa mwezi wako wa kamera. Wewe pia ulikuwa na tawi, nilikuona. Uliliweka chini, ukalikanyaga, ukapiga. Katika picha Omer yuko mbele kabisa, tawi juu, mdomo wazi, utadhani anashangilia. Alikuwa anapiga chafya kwa vumbi la malori.

Ananie alipoisafisha, Omer aliiona hatari mara moja. Nilikuwa namenya ndizi pale pale, nikasikia alivyokuambia.

«Hippolyte, ile foto tuichome tu.»

«Apana, shemeji. Tulisemaka batoto bataona byote, byenye biko bizuri na byenye biko bibaya.»

Na Omer, kwa kuwa alikuwa mtu wa kushika neno lake, alikubali. Ukaondoka na picha hiyo na filamu yake. Nakala nyingine haikuwapo.

Askari wa serikali waliporudi, walikuita ofisini kwao asubuhi. Ulitoka mchana ukiwa na kamera shingoni. Alasiri kapiteni alisimama mlangoni kwangu na ile picha mkononi. Omer alivaa koti akaniambia, «Uniwekee chakula, niko narudia sasa hivi.» Chakula kile kiliozea sufuriani. Omer hakurudi, wala mwili hatukupewa. Wewe uliondoka na malori yao, na leo ni mpiga picha wao mwenye mshahara.

Najua walikutisha. Woga ningekusamehe, hata mimi niliogopa mpaka nikashindwa kufunga mlango. Lakini kutoka ofisi ile mpaka kwangu ni pua na mdomo, na ulipita mbele ya nyumba yangu. Omer alikuwa uani akirekebisha banda la kuku. Ungesema neno moja tu, tungekuwa tumeshafika msituni kabla ya alasiri. Hukusimama. Hilo ndilo ninalokuchukia kwalo, na ninaliandika wazi usije ukasema hukuelewa.

Filamu hutapata hata moja. Ananie anazo, na mahali alipozificha hata mimi sikutaka kuambiwa. Tumenunua kamera nyingine, na barabara yako ya soko sasa anaipiga Simone, tena vizuri kuliko wewe. Kazi inaendelea.

Mama anakusalimu sana na anakuombea kila jioni. Yeye anaamini ulipata kazi nzuri ukaharakishwa. Sijamwambia, na usidhani nimekuhurumia wewe. Ananie na Simone hawakukutumia salamu, kwa hiyo sina za kukufikishia. Mungu akuchunge huko uliko, na akuweke huko huko.

Picha ya mwaka huu nimeitia humu ndani. Itazame vizuri, wewe unayejua picha. Kati ya Ananie na mimi utaona pengo. Hilo ni la Omer, na litabaki hata kama nitazeeka nimesimama kando yake. Upande wangu wa pili, pale ulipokuwa ukisimama wewe na kofia yako, usihangaike kutafuta. Kamera ilipoanza kulia juu ya kigoda, Simone alinitazama, akasogea, bega lake likagusa langu.

Wako niliyekupenda,

Agar, mke wa Omer