Kura ya Constance

Bupe, usinipigie, niko kanisani! Soma tu.

Josias ubunge ameukosa. Kile chama chao kidogo hakikupata hata kiti kimoja.

Ila si hilo. Sasa hivi kasimama mbele kushukuru. Unaikumbuka mikutano yake ya kampeni hapa mtaani Cato Manor? Ukumbi unajaa mpaka nje, vigelegele, tunapika pondu, kisamvu chetu, masufuria kwa masufuria?

Basi kauliza, "Wapendwa, nani alipiga kura? Inueni mikono niwaone."

Bupe. Hakuna hata mkono mmoja!

Mzee Honoré ndiye kamjibu. "Ndugu yangu, sisi wote hapa iko na karatasi za ukimbizi. Tungepiga kura na nini?"

Eish! Miezi yote ile anaomba kura kwa watu wasioruhusiwa kupiga, na hakuna aliyemwambia! Hata mimi! Tulidhani anajua!

Wenye uraia wa hapa ni yeye na mkewe tu. Akamtazama Constance huku nyuma tulikokaa, machozi yanamlenga. "Si kitu. Kura ya mke wangu ninayo."

Kura ya mke wangu ninayo, Bupe!

Watu wakapiga makofi. Constance akatabasamu, kisha akaninong'oneza, "Bunge iko Cape Town, Atu. Angeniachia watoto peke yangu. Nilipigia wengine."

Makofi hayajaisha, Josias katangaza atagombea tena.

Nakuandikia kwa mkono mmoja. Ule mwingine Constance ameufinya, hajauachia.